Bangi na kansa: hesabu ya mgonjwa wa Kirungu

Kirungu iko juu ya kilima, na ukisimama karibu na kanisa lake la matofali unakuwa juu ya bandari ya Moba na maji ya Ziwa Tanganyika. Mapadri Weupe walifungua misioni hapa mwaka 1893 wakaiita Baudouinville. Hapa ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, akawa padri wa kwanza mzalendo katika Kongo ya Wabelgiji. Mji huu umezoea kupokea habari kubwa kwa njia ndefu. Siku hizi habari zinafika kwa simu, na moja inayorudi tena na tena ni hii: bangi inaponya kansa.

Mara nyingi ni sauti ya WhatsApp kutoka kwa ndugu aliye Canada, nchi ambayo bangi inauzwa dukani kihalali tangu Oktoba 2018. Anasimulia mtu aliyekatiwa tamaa na madaktari, akanywa mafuta ya bangi, akainuka. Ukizifuata simulizi hizo nyuma, nyingi zinakufikisha kwa Rick Simpson, Mkanada aliyetangaza kwamba mwaka 2003 alijipaka mafuta mazito ya bangi kwenye madoa ya kansa ya ngozi yakaisha. Huo ni ushuhuda wa mtu mmoja juu ya ngozi yake mwenyewe, na umezunguka dunia nzima ukivikwa nguo za utafiti.

Anayeisambaza sauti hiyo hastahili kuchekwa. Kwa kawaida ana mgonjwa nyumbani. Ana mama ambaye titi limegeuka kidonda, au baba ambaye tumbo limejaa maji kwa ugonjwa wa ini, na dawa ya maumivu iliyopo ndani ya nyumba ni parasetamoli. Ninachotaka kumpa ni hesabu kamili: bangi inaweza nini kwa mgonjwa wa kansa, imepimwaje, na inahitaji nini pembeni yake ili ifanye hicho inachoweza. Nikiifanya hesabu hiyo kwa ajili ya mgonjwa wa Kirungu, inaniuma.

Mmea wenyewe si mgeni Kongo. Uliingia bara kutoka upande wa Bahari ya Hindi zamani sana, na mwishoni mwa mwaka 1881 Mjerumani Hermann von Wissmann alipofika Kasai aliwakuta watu wa Kalamba Mukenge wakijiita Bena Diamba, watu wa bangi. Walikuwa wameacha hirizi za kale na kuifanya bangi kuwa ishara ya udugu na amani kati yao. Serikali zilizofuata ziliipiga marufuku, na mpaka leo ukikamatwa nayo Moba au Kalemie utaongea na polisi. Kwa hiyo kizazi chetu kimeijua kwa sura mbili tu, ya kosa na ya ulevi. Sura ya tatu, ya dawa, inatujia sasa kutoka nje, na ndiyo maana tunaipokea bila mizani.

Sayansi yake ilianza kutulia mwaka 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni wa Israeli walipoitenga THC, kemikali inayolevya, na kueleza umbo lake. Umbo la CBD, isiyolevya, Mechoulam alikuwa amelieleza mwaka uliotangulia. Likabaki swali gumu zaidi: kwa nini mwili wa binadamu uwe na sehemu ya kuipokea kemikali ya jani? Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi ambavyo THC hujishikiza kwavyo. Miaka minne baadaye Devane, safari hii akiwa na Mechoulam na Lumír Hanuš, alikuta kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayofanya kazi kwenye vipokezi hivyo hivyo. Wakaiita anandamidi. Inahusika na njaa, kichefuchefu, maumivu na usingizi. THC, basi, huingia kwenye mfumo ambao tayari upo na una kazi zake.

Ukijua hilo, hutashangaa kwamba faida ya kwanza iliyothibitishwa haikuhusu kuua uvimbe. Ilihusu kutapika. Mgonjwa anayetiwa dawa za kansa kwenye mshipa anaweza kutapika mpaka akaapa kutorudi hospitali, na akiacha matibabu katikati, kansa inarudi na nguvu. Mwaka 1975 madaktari wa Boston walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba THC ya kumeza iliwatuliza wagonjwa wa namna hiyo kuliko kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vidonge viwili: dronabinol, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara, na nabilone, ndugu yake wa karibu. Dronabinol ni kitu cha kutazamwa kwa makini. Ni kifuko kidogo laini, ndani yake THC imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta, na kipimo kinaanzia miligramu 2.5. Mfamasia akikupa kimoja leo na kimoja mwezi ujao, vyote viwili vina kiasi kile kile. Kumbuka neno kiasi, maana nitalirudia.

Tangu wakati huo zimekuja dawa nyingine za kuzuia kutapika, kama ondansetron, ambazo zina nguvu na hazilevyi. Chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, ASCO, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kinaiweka THC nyuma ya hizo: itumike kwa mtu mzima ambaye dawa za kawaida zimeshindwa kumzuia kutapika. Mwongozo huo huo unasema wazi kwamba bangi isitumike badala ya matibabu ya kansa yenyewe. Hapo ndipo sayansi iliyothibitishwa ilipofika. Ni faida ndogo kuliko ile ya WhatsApp, lakini ni ya kweli, na mtu aliyewahi kushika beseni la mama yake akitapika usiku kucha hawezi kuiita ndogo.

Na kuua uvimbe je? Hapa napo pana ukweli, na lazima usemwe wote. Mwaka ule ule wa 1975 watafiti wa Virginia waliona THC ikipunguza mwendo wa uvimbe wa mapafu katika panya. Mwaka 2000 kikundi cha Manuel Guzmán cha Madrid kilitangaza matokeo kwa panya waliopandikizwa glioma, kansa ya ubongo: kwa baadhi yao uvimbe ulitoweka kabisa. Baadaye wakaeleza njia moja ya jinsi inavyotokea, kwamba THC huisukuma seli ya kansa kwenye msongo mpaka ikaanza kujila yenyewe. Walivuka pia kwenda kwa binadamu. Mwaka 2006 walichapisha habari za wagonjwa 9 wenye glioblastoma iliyorudi baada ya matibabu yote. THC ilipelekwa kwa mrija moja kwa moja ndani ya ubongo, mahali uvimbe ulipokuwa. Ilivumilika. Nusu yao waliishi chini ya wiki 24 au karibu na hapo. Hakuna aliyepona.

Jaribio lililotia moyo zaidi lilichapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 21 wenye glioblastoma iliyorudi walipewa temozolomidi, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Kati yao 12 waliongezewa Sativex, dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD kwa vipimo vinavyokaribiana, na 9 wakaongezewa kipulizo kisicho na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 83 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na asilimia 44 ya kundi la pili. Ni tofauti kubwa kwa watu wachache mno, na ndiyo sababu Uingereza ilianzisha jaribio kubwa zaidi mwaka 2023, liitwalo ARISTOCRAT, likiongozwa na Profesa Susan Short wa Leeds.

Sasa mweke mgonjwa wa Kirungu kando ya jaribio hilo. Ili mtu aingie humo, kwanza awe amepigwa picha ya ubongo kwa mashine. Awe amefunguliwa fuvu na daktari wa upasuaji wa ubongo, kipande cha uvimbe kikatazamwa na mtaalamu kwa darubini. Awe amepata tiba ya mionzi kwa wiki kadhaa na temozolomidi ya kutosha. Halafu ugonjwa urudi, uonekane tena kwenye mashine, ndipo apulize Sativex juu ya temozolomidi nyingine. Katika majaribio haya bangi ni chumvi, na mboga ni vyote hivyo vingine. Ndugu yetu wa Canada anatutumia habari ya chumvi. Sisi hatuna chungu jikoni.

Mgonjwa wa Kirungu akiambiwa na mganga wa kituo cha afya kwamba uvimbe wake unahitaji kupimwa, atashuka mpaka Moba bandarini, asubiri boti, asafiri zaidi ya kilomita 100 ziwani mpaka Kalemie. Familia ikijikaza itamfikisha Lubumbashi. Au itavuka ziwa mpaka Kigoma, na kutoka hapo reli inakwenda zaidi ya kilomita 1,200 kufika Dar es Salaam, iliko taasisi ya saratani ya Ocean Road yenye mashine za mionzi. Kila kituo katika njia hiyo kinauza mbuzi mmoja, kinakopa kwa shemeji mmoja, na kinakula wiki ambazo uvimbe haupumziki. Kansa nyingi ambazo zingetibika zikiwa changa, kwetu zinaonwa na daktari zikiwa zimeshaenea. Hapo ndipo mafuta ya bangi yanapoonekana kuwa na akili: yako karibu, na anayeyauza haombi pasipoti.

Mwenye mafuta hayo, hata akiwa mwaminifu, hana njia ya kujua ndani ya chupa mna nini. Bangi mbichi ina THC kidogo sana. Ina tindikali yake, ambayo hugeuka kuwa THC ikipata moto wa kutosha. THC yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo majani yaliyochemshwa kama chai hutoa kiasi kidogo, na mafuta yaliyopikwa muda mrefu yanaweza kutoa kiasi kikubwa cha kumwangusha mzee kizunguzungu na moyo ukimwenda mbio. Miti miwili ya shamba moja haifanani nguvu. Na bangi iliyokaushwa mahali penye unyevu huota ukungu. Kwa kijana mwenye afya huenda lisiwe jambo. Kwa mgonjwa ambaye tibakemikali imemaliza chembe nyeupe za damu, ukungu wa aina ya aspagila ukivutwa mapafuni unaweza kumuua kabla ya kansa.

Kuna pia jambo la seli kwenye sahani ya maabara. Vitu vingi huua seli za kansa zikiwa kwenye sahani, hata jiki. THC na CBD huziua zikiwekwa kwa wingi ambao mara nyingi damu ya mtu anayevuta au kunywa haiufikii. Na zikiwekwa kidogo? Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ambamo kiasi kidogo cha THC kilizifanya seli za aina fulani za kansa zizidi kuzaana. Haimaanishi kwamba bangi huleta kansa hiyo kwa mgonjwa wako. Maana yake ni kwamba kiasi ndicho kinachoamua mambo, na hicho ndicho mwuza chupa asichokijua.

CBD nayo, ambayo watu huiona salama kwa kuwa hailevyi, hubana vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, hivyo dawa iliyopimwa kwa uangalifu inaweza kuzidi au kupungua nguvu mwilini. Na wagonjwa wa Israeli waliokuwa wakitumia bangi pamoja na zile dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya kansa walionekana kunufaika na dawa hizo kidogo kuliko wenzao wasioitumia. Zilikuwa tafiti za kufuatilia watu, zisizotosha kuhukumu, lakini zilitosha kuwafanya madaktari wa ASCO waonye.

Mazungumzo haya huanza kwa uchungu penye benchi la kituo cha afya. Mama atatoa chupa ndogo kwenye kitambaa na kuuliza, "Munganga, hii naweza kukunywa?" Mfanyakazi wa afya akikemea, mama ataifunga chupa na hatarudi tena. Akisema, "Mama, umeanza kuinywa tangu lini? Unakula? Unalala?" atajua kila kitu anachohitaji kujua, pamoja na kwamba mama halali. Ningependa kila muuguzi wa zone za afya za Moba na Kansimba afundishwe maswali hayo matatu kabla ya kufundishwa karipio lolote.

Na mama hatakuwa ameamua peke yake. Mwaka 2000 mwanaanthropolojia Christopher Davis alichapisha kitabu kuhusu ugonjwa na uganga kwa Watabwa, watu wa nchi hii ya Moba na Mpala, baada ya kuishi nao miaka ya 1970. Kinachobaki kichwani ukikisoma ni jinsi uponyaji ulivyo kazi ya ukoo. Ndugu hukaa, hujaribu dawa moja, hungojea, hujaribu nyingine, huenda misioni, hurudi kwa mwenye miti. Hospitali na mganga wa kienyeji hawakuwa pande mbili za vita. Ng'ambo ya ziwa, karibu uso kwa uso na Moba, ipo Karema, ambako Adrian Atiman alifanya kazi ya udaktari tangu 1889 hadi uzeeni. Atiman alikuwa mtumwa aliyekombolewa akiwa mtoto, akasomeshwa uganga Malta, akafia Karema mwaka 1956. Ushahidi wa udaktari wa Mwafrika katika ziwa hili una umri mkubwa. Kwa hiyo anayetaka ukweli kuhusu bangi ufike Kirungu aupeleke kwenye kikao cha ukoo, akiwepo shangazi mwenye sauti na mwenye miti wa kijiji.

Tukiacha ukoo bila habari, tunajua kinachofuata. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, alitangaza kwamba kikombe cha mti wa mugariga, kwa shilingi 500, kinatibu kansa, UKIMWI na kisukari. Foleni za magari zilijipanga kilomita nyingi, watu wakaja kutoka nchi jirani, wagonjwa wengine wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za UKIMWI wakiamini wamepona. Simlaumu aliyepanda gari lile. Lakini miti inayotibu kansa kweli ipo, na historia yake imepita katika eneo letu hili hili, na haifanani na kikombe.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto haraka ajabu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 kutoka Uganda kwenda kusini, hospitali kwa hospitali, wakiuliza nani ameuona na wapi. Ramani waliyochora ilifuata joto na mvua, nchi za malaria, pamoja na mabonde ya maziwa yetu. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kuutibu, ambacho ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto waliokuwa wanakufa wakaanza kupona kwa dawa, na mojawapo ya dawa zilizoingia katika matibabu hayo ni vinkristini. Vinkristini inatoka kwenye ua ambalo msomaji wa Moba pengine analo uani: majani ya kijani yanayong'aa, petali 5 za waridi au nyeupe, jicho jekundu katikati. Wanaosoma Kifaransa huliita pervenche ya Madagaska.

Nenda kalitazame. Usilichemshe. Gramu moja ya vinkristini hudai mamia ya kilo za majani makavu, na kipimo cha mtoto ni miligramu moja au mbili kwa wiki, kwa sindano ya mshipa. Ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama. Ikiingizwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo inaua. Kutoka ua hilo mpaka mtoto aliyepona pana wakemia wa Canada na Marekani waliolichambua miaka ya 1950, pana madaktari wa Kampala walioandika kila kipimo na kila kifo, pana wauguzi. Bangi imeanza safari hiyo na haijaimaliza. Hata hapa Kongo ya mashariki tunaijua kazi yake: kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimetengeneza kwinini kutoka magome ya mti wa sinkona wa Kivu, na mgonjwa wa malaria alipewa miligramu zilizopimwa, si gome.

Nchini Kenya mjadala huu ulipata sura ya mtu. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandika kwa Spika mwaka 2018 akitaka kuleta muswada wa kuondoa adhabu za jinai kwa bangi na kufungua njia ya matumizi yake ya kitabibu. Wakati huo alikuwa anaugua kansa ya utumbo mpana, na alitibiwa Paris. Alifariki Nairobi tarehe 26 Julai 2019, akiwa na miaka 41. Mwezi ule ule Kenya iliwapoteza Bob Collymore wa Safaricom na Gavana Joyce Laboso wa Bomet, wote kwa kansa, na taifa zima likaongea. Waliongea zaidi kuhusu mashine, madaktari na gharama kuliko kuhusu bangi, na nadhani waliona sawasawa.

Majirani wameshaingia kwenye kilimo. Tarehe 2 Desemba 2020 kamisheni ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25, mmoja akijizuia, kuiondoa bangi kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa 1961, na hivyo kukiri kwamba ina matumizi ya kitabibu. Lesotho ilikuwa imeanza kutoa leseni tangu 2017. Rwanda ilitoa kanuni zake mwaka 2021 na kuruhusu kulima kwa ajili ya kuuza nje tu. Uganda ina mashamba Kasese, chini ya Rwenzori. Mazao yanapanda ndege. Mgonjwa anayetibiwa Mulago, au Butaro ya Rwanda, akitapika, hayaoni. Nchi ikikubali kulima dawa ambayo wagonjwa wake hawaruhusiwi kuimeza, sijui inamlimia nani kama si mwenye fedha.

Maumivu ndiyo yanayonirudisha kwenye hasira. Wengi wanaotafuta bangi Kirungu hawatafuti kuponya kansa. Wanatafuta usiku mmoja wa usingizi. Na kwa maumivu ya kansa, Sativex ilijaribiwa katika majaribio makubwa kwa wagonjwa ambao morphine haikuwatosha, na haikuishinda dawa bandia. Dawa inayoshinda maumivu hayo inajulikana, ni ya zamani, nayo inatoka kwenye ua. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, Kampala, na huko wakaizoea morphine ya maji. Utengenezaji wake unaweza kuuona kwa macho: unga mweupe unapimwa kwenye mizani, unayeyushwa katika maji safi, maji hayo yanatiwa dawa ya kuzuia yasiharibike, kisha rangi, ili chupa yenye nguvu ndogo isichanganywe na kali. Ile hafifu ni ya kijani. Mgonjwa hupimiwa kila baada ya saa 4, na kipimo cha usiku huongezwa ili alale. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, bila kumngoja daktari ambaye hayupo. Rwanda nayo inaitengeneza.

Tume ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilihesabu dawa za aina ya morphine zinazogawiwa duniani kwa mwaka: tani 298.5. Nchi maskini zilipata tani 0.1. Kongo imo katika hiyo sehemu ya kumi ya tani, na mama wa Kirungu yumo ndani ya Kongo.

Kwa hiyo nikiulizwa tuanzie wapi, sitaanzia shambani. Kansa ya shingo ya kizazi inachunguzwa kwa siki: muuguzi hupaka, hungoja dakika moja, na sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe mbele ya macho yake, ikitibiwa hapo, kansa haiji. Kansa ya ini tunaipunguza kwa chanjo ya homa ya ini ya B na kwa kukausha vizuri mahindi na karanga zisiote sumukuvu. Hayo yote yanawezekana Kirungu bila kusubiri mashine. Kisha morphine ya maji, na kibali kwa wauguzi kama wa Uganda.

Na bangi? Ningependa tuipime sisi. Lipo swali ambalo Leeds haitatuulizia: kwa mgonjwa wa Mulago, Ocean Road au Lubumbashi ambaye dawa ghali za kuzuia kutapika hazipatikani, je, THC iliyopimwa, kutoka mafuta ya Kasese, ikiwa katika kifuko cha miligramu 2.5, inaweza kumfanya amalize mizunguko yake ya matibabu na kula bukari yake? Hilo linaweza kujibiwa kwa miaka michache. Linataka kamati ya maadili, mfamasia mwenye mizani, muuguzi wa kuandika kila kutapika na kila mlo, na kampuni yenye shamba ikubali kuacha sehemu ndogo ya mavuno yake nyumbani. Mulago ilishafanya kazi ya namna hiyo miaka ya 1960, kwa dawa hatari kuliko bangi, na daftari za wakati ule ndizo zilizowafundisha madaktari wa Ulaya na Marekani namna ya kutibu uvimbe wa Burkitt.